Jaji Mkuu aliyeikataa noti yenye picha yake: Salmon Chase na mipaka ya serikali

Tarehe 7 Februari 1870, Jaji Mkuu wa Marekani, Salmon Portland Chase, alisoma hukumu iliyosema kwamba Bunge halikuwa na mamlaka ya kumlazimisha mdai kupokea noti za karatasi kwa deni lililofungwa kabla noti hizo hazijakuwapo. Noti zenyewe zilianza kutolewa mwaka 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na aliyezitoa alikuwa Waziri wa Fedha wa Rais Abraham Lincoln, ambaye hakuwa mwingine ila Chase huyo huyo. Aliyekuwa na shaka angeweza kuchukua noti ya dola moja ya mwaka huo na kuitazama: picha iliyochapwa juu yake ilikuwa ya Jaji Mkuu.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho, na anayekisimulia huishia kwenye moja ya majibu mawili mepesi, kwamba Chase alikuwa mnafiki, au kwamba alikuwa mwanasiasa aliyekwenda na upepo. Yote mawili yana chembe ya ukweli. Hata hivyo, mtu akifuatilia kesi alizozisimamia tangu ujana wake atakuta kwamba hoja aliyoitumia mwaka 1870 kuzikataa noti ni ndugu wa hoja aliyoitumia mwaka 1837 kumtetea msichana aliyetoroka utumwani, na kwamba fundo lenyewe liko hapo.

Kwa wasomaji wengi wa leo jina la Chase ni la benki. Benki hiyo ilianzishwa New York mwaka 1877, miaka minne baada ya yeye kufariki, na mwanzilishi wake, John Thompson, aliipa jina hilo kwa kumuenzi. Chase hakuwa na hisa ndani yake. Picha yake ilirudi kwenye noti mwaka 1918, safari hii noti ya dola 10,000, ambayo wananchi wa kawaida hawakuwa na nafasi ya kuishika.

Mji wa kando ya mto

Alizaliwa Cornish, New Hampshire, tarehe 13 Januari 1808. Baba yake alifariki Salmon akiwa na umri wa miaka tisa, mali ya familia ikapukutika, na kijana akapelekwa Ohio kulelewa na baba yake mdogo, Philander Chase, aliyekuwa askofu wa Kanisa la Episcopal na mlezi mkali asiyevumilia uvivu. Alihitimu chuo cha Dartmouth mwaka 1826, akafundisha shule mjini Washington huku akijisomea sheria chini ya William Wirt, Mwanasheria Mkuu wa Serikali wa wakati huo, kisha mwaka 1830 akahamia Cincinnati. Jina lake la kwanza, ambalo kwa Kiingereza ni la samaki, lilimkera kiasi kwamba akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu alimwandikia rafiki yake kwamba alifikiria kulibadilisha. Hakulibadilisha. Alijitengenezea jina kwa njia nyingine, kwa kukusanya na kuhariri sheria zote za Ohio katika mabuku matatu, kazi ya kuchosha ambayo ilimfanya ajulikane na kila wakili wa jimbo hilo kabla hajatimiza miaka thelathini.

Ili kuelewa yaliyofuata, ni lazima kuuelewa mji wenyewe. Cincinnati iko ukingo wa kaskazini wa Mto Ohio, na ng'ambo yake ni Kentucky. Upande wa kaskazini utumwa ulikuwa umepigwa marufuku na sheria ya mwaka 1787 iliyoanzisha utawala wa maeneo ya kaskazini-magharibi; upande wa kusini mtu aliuzwa kama ng'ombe. Meli za mvuke zilitia nanga kwenye gati la Cincinnati zikiwa na mabwana pamoja na watumwa wao, na wafanyabiashara wa mji huo, ambao wateja wao wengi walikuwa watu wa kusini, hawakutaka kusikia neno la kukomesha utumwa. Mwaka 1836 kundi la wafanya ghasia lilivunja mtambo wa chapa wa James G. Birney, mhariri wa gazeti la wapinga utumwa. Kundi hilo lilipomsaka Birney kwenye hoteli moja, Chase, ambaye wakati huo hakuwa mfuasi wa Birney, alijisimamisha mlangoni na kuwazuia wasiingie. Mtu mrefu, mwenye mabega mapana, aliyejaza mlango. Mwenyewe alieleza kwamba alichokitetea siku hiyo ni uhuru wa kuchapa na utawala wa sheria. Suala la watumwa lilimjia baadaye kidogo, na lilimjia kwa sura ya mtu mmoja.

Mtu huyo aliitwa Matilda. Bwana wake, Larkin Lawrence wa Missouri, ndiye aliyekuwa pia baba yake mzazi. Wakiwa safarini mwaka 1836, meli iliposimama Cincinnati, Matilda alishuka na hakurudi. Alipata kazi ya ndani nyumbani kwa Birney, akakaa hapo hadi Machi 1837, alipokamatwa na mtu aliyefanya biashara ya kuwinda watoro. Chase aliitwa kumtetea, akiwa na muda mfupi sana wa kujiandaa.

Hoja aliyoijenga inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndiyo msingi wa maisha yake yote ya kisheria. Utumwa, alisema, hautokani na maumbile wala na sheria ya nchi nzima. Unatokana na amri ya jimbo moja moja, na amri ya jimbo haina nguvu nje ya mipaka ya jimbo hilo. Bwana akimleta mtumwa wake kwa hiari yake kwenye ardhi ambayo amri hiyo haipo, kinachobaki ni mtu, na sheria iliyomfanya awe mali imebaki nyuma. Kuhusu sheria ya mwaka 1793 iliyoruhusu watoro kukamatwa popote, Chase alidai kwamba Bunge la Marekani halikuwa na mamlaka ya kuitunga. Katiba ina kifungu kinachosema watoro warudishwe, lakini kifungu hicho, kwa maoni yake, ni mapatano kati ya majimbo na majimbo. Hakuna mahali kinapolipa Bunge uwezo wa kutunga sheria juu yake. Serikali ya Marekani ina mamlaka iliyopewa na Katiba na hakuna zaidi. Kwa hiyo haiwezi kumfanya mtu mtumwa, haiwezi kumwinda mtumwa, wala haiwezi kumlinda bwana wa mtumwa.

Hakimu hakukubali. Matilda alikabidhiwa kwa waliomkamata, akavushwa mto, akapelekwa New Orleans kuuzwa. Birney naye akashtakiwa kwa kumhifadhi mtoro, na katika rufaa ya kesi hiyo Chase alishinda, ingawa kwa hoja ya kiufundi tu juu ya namna shtaka lilivyoandikwa.

Kesi iliyompa sifa nchi nzima aliishindwa pia. Mwezi Aprili 1842 mkulima mzee aliyeitwa John Van Zandt alikuwa akirudi nyumbani kutoka sokoni Cincinnati, akawapakia watu tisa kwenye gari lake la farasi na kuelekea kaskazini. Walisimamishwa njiani; mmoja akafanikiwa kukimbia, wanane wakarudishwa Kentucky, na bwana wao, Wharton Jones, akamdai Van Zandt fidia. Chase aliifikisha kesi hiyo hadi Mahakama ya Juu akishirikiana na William Seward wa New York. Safari hii aliongeza silaha nyingine: Marekebisho ya Tano ya Katiba, yanayosema kwamba hakuna mtu atakayenyang'anywa uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa haki wa sheria. Neno lililotumika pale ni "mtu", na mtoro ni mtu. Mwaka 1847 majaji wote waliikataa hoja hiyo, na Van Zandt alifariki mwaka huo huo akiwa amefilisika. Msomaji ayaweke akilini Marekebisho hayo ya Tano, kwa maana yatarudi.

Wenye watumwa wa Kentucky walimwita Chase, kwa kejeli, Mwanasheria Mkuu wa Watoro, na yeye akaipokea kejeli hiyo kama cheo. Watu weusi wa Cincinnati walikuwa na njia yao ya kumpa cheo. Tarehe 6 Mei 1845, baada ya kumtetea Samuel Watson, mtumwa aliyekamatwa mjini humo na ambaye naye alirudishwa kwa bwana wake, walimkusanyikia kanisani wakamkabidhi jagi la fedha lililochorwa maneno ya shukrani kwa utumishi wake kwa wanaoonewa. Inafaa kulitazama jagi hilo kwa makini. Watu waliolinunua hawakuruhusiwa na sheria za Ohio kupiga kura, wala kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu, na aliyetaka kuhamia jimboni alitakiwa kuweka dhamana ya dola 500; na waliyemzawadia alikuwa ameshindwa karibu kesi zake zote za aina hiyo. Katika hotuba ya kulipokea, Chase alisema waziwazi kwamba kuwanyima watu weusi kura hakupatani na misingi ya kweli ya demokrasia. Mwaka 1845, katika mji ule, mwanasiasa aliyetaka kupanda ngazi hakuyasema maneno hayo bila gharama.

Kiu ya urais

Na kupanda ngazi alitaka sana. Chase alipita kwenye vyama kama mtu anayebadilisha meli bandarini bila kubadilisha anakokwenda: chama kidogo cha Liberty cha wapinga utumwa, kisha Free Soil, kilichopinga utumwa kuenea, alichosaidia kukiunda mwaka 1848, kisha Republican, na mwishoni, kama tutakavyoona, alibisha hodi kwa Democratic. Kiti chake cha Seneti mwaka 1849 alikipata kwa mapatano ambayo wapinzani wake hawakumsamehe. Katika bunge la Ohio vyama viwili vikubwa vililingana nguvu, na wajumbe wawili wa Free Soil wakawa ndio wenye mizani. Waliwapa Democratic uongozi wa bunge na nafasi za majaji, na wao wakapata mambo mawili: kiti cha Seneti kwa Chase, na kufutwa kwa sehemu kubwa ya sheria zilizowabana watu weusi, zikiwamo ile ya dhamana na ile ya ushahidi. Hapo mtu hawezi kutenganisha kanuni na maslahi hata akitumia wembe. Sheria mbaya zilifutwa, na aliyezipinga akapata kiti.

Baada ya Seneti alikuwa gavana wa Ohio kuanzia mwaka 1856 hadi 1860. Nyumbani mambo yalikuwa mazito: alioa mara tatu na kufiwa na wake wote watatu, na kati ya mabinti zake sita wawili tu, Kate na Janet, ndio waliofikia utu uzima. Kate, aliyezaliwa mwaka 1840, akawa mwenyeji wa hafla za baba yake, na baadaye mkuu wa mikakati yake ya kisiasa.

Mkutano mkuu wa Republican wa mwaka 1860 mjini Chicago ulimpa Chase kura 49 tu katika duru ya kwanza, kwa sababu hata wajumbe wa Ohio hawakuwa wote upande wake. Katika duru ya tatu Lincoln alipobakiza kidogo kushinda, wajumbe wanne wa Ohio walisimama na kuhamishia kura zao kwake. Lincoln alimfanya Chase kuwa Waziri wa Fedha, na Chase aliishi miaka mitatu kwenye baraza la mawaziri akiamini kwamba kiti cha mwenyekiti kimekaliwa na mtu asiye sahihi. Seneta Benjamin Wade, mtu wa Ohio pia, alisema kwamba Chase ni mtu mwema ila teolojia yake ina kasoro: anadhani Utatu una nafsi ya nne. Lincoln mwenyewe, alipoelezwa kwamba waziri wake anautamani urais, alisimulia habari ya farasi mvivu aliyelima naye utotoni, ambaye siku moja alikwenda mbio hadi mwisho wa mtaro kwa sababu pange alikuwa anamuuma. Ikiwa pange wa urais anamuuma Chase, alisema, yeye hatamwondoa, mradi wizara yake inakwenda.

Hazina tupu

Wizara ilikwenda, lakini kwa njia ambayo Chase hakuipenda. Kabla ya vita, serikali ililipa na kulipwa kwa sarafu za dhahabu na fedha, huku noti zilizokuwa mikononi mwa watu zikitolewa na mamia ya benki zilizosajiliwa na majimbo, kila moja na sura yake na kila moja na thamani yake kutegemea umbali wa mwenye noti na benki iliyoitoa. Chase aliamini katika dhahabu kama alivyoamini katika Zaburi. Mwezi Agosti 1861 benki za New York, Boston na Philadelphia zilikubali kuikopesha serikali dola milioni 150, na wenye benki walitarajia kwamba mkopo huo ungebaki kwenye vitabu vyao na serikali ingeandika hundi kadiri ilivyohitaji. Waziri alikataa. Alitaka sarafu zenyewe zitolewe na kupelekwa kwenye maghala ya Hazina. Dhahabu ikaanza kutoka benki. Mwezi Novemba manowari ya Marekani ilipoisimamisha meli ya Uingereza na kuwakamata wajumbe wawili wa Kusini, watu wakahofu vita na Uingereza, na wenye sarafu wakazificha. Mwisho wa Desemba 1861 benki zilisitisha kulipa kwa dhahabu. Sehemu ya lawama ni ya Chase, na ni vigumu kuona jinsi anavyoweza kuikwepa.

Pendekezo la kuchapa noti za serikali na kuzifanya kuwa malipo halali kwa madeni yote lilitoka bungeni, kwa Elbridge Spaulding, mbunge na mwenye benki kutoka Buffalo. Barua za Chase za majuma yale zinamwonyesha mtu anayemeza dawa chungu. Mwishoni mwa Januari 1862 aliiandikia kamati husika kwamba anachukia sana kuifanya karatasi kuwa malipo ya lazima, lakini anaona hakuna njia nyingine. Siku chache baadaye alimhimiza Spaulding afanye haraka kwa kuwa Hazina ilikuwa karibu tupu. Sheria ilipita tarehe 25 Februari 1862 kwa dola milioni 150, na nyongeza mbili zikafikisha jumla ya kiasi kilichoidhinishwa kuwa dola milioni 450. Kwa kuwa mgongo wa noti ulichapwa kwa wino wa kijani, watu waliziita kwa rangi hiyo. Sheria ilizifanya kuwa malipo halali kwa kila deni isipokuwa aina mbili, ushuru wa forodha na riba ya hatifungani za serikali, ambazo zililipwa kwa sarafu. Yaani serikali ilimlazimisha raia kupokea karatasi ambayo yenyewe haikuipokea forodhani. Picha ya Lincoln iliwekwa kwenye noti ya dola kumi na ya Chase kwenye ile ya dola moja, na wapinzani hawakuchelewa kusema kwamba waziri alichagua noti ambayo kila mpiga kura angeishika.

Noti hizo ziliwalipa askari na wauza nafaka, na zilishuka thamani. Mwezi Julai 1864, vita vikiwa bado havina dalili ya kuisha, dola moja ya karatasi ilinunua karibu senti 35 tu za dhahabu. Chase alifanya pia mambo mengine yaliyodumu: kupitia kwa Jay Cooke, mwenye benki wa Philadelphia aliyetuma mawakala hadi vijijini, aliuza kwa watu wa kawaida hatifungani za dola milioni 500, na kwa sheria za mwaka 1863 na 1864 aliweka mfumo wa benki za kitaifa ulioziondoa zile noti za benki za majimbo. Lakini alikuwa na tabia ya kuandika barua ya kujiuzulu kila aliposhindwa mabishano juu ya nani ateuliwe wapi. Barua ya mwezi Juni 1864 Lincoln aliikubali. Chase alishangaa.

Kiti cha Taney

Mwezi Oktoba mwaka huo alifariki Jaji Mkuu Roger Taney, mwandishi wa hukumu ya Dred Scott ya mwaka 1857 iliyosema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Lincoln alimteua Chase kushika nafasi hiyo mwezi Desemba, na Seneti ikamthibitisha siku hiyo hiyo. Sababu ilisimuliwa baadaye na George Boutwell, mbunge wa wakati huo: rais alisema wanahitaji mtu atakayesimama na yaliyofanywa kuhusu ukombozi wa watumwa na kuhusu noti, na kwa kuwa hawawezi kumwuliza mtu atakavyoamua, maana akijibu watamdharau, basi wamchukue mtu ambaye maoni yake yanajulikana.

Kwa upande wa ukombozi Lincoln hakukosea. Tarehe 1 Februari 1865, siku moja baada ya Baraza la Wawakilishi kupitisha marekebisho ya kukomesha utumwa, Seneta Charles Sumner alimsimamisha mbele ya Mahakama ya Juu John Rock, wakili mweusi kutoka Boston, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametibu meno na kufanya kazi ya udaktari. Chase aliitikia kwa kichwa, na Rock akaapishwa kuwa wakili wa mahakama ile ile ambayo miaka minane nyuma ilisema watu wake hawana uraia. Mwaka 1867, akiwa katika mzunguko wake wa kusikiliza kesi majimboni, huko Maryland, Chase alimwachilia Elizabeth Turner, msichana ambaye bwana wake wa zamani alikuwa amemfunga tena kwa mkataba wa uanagenzi siku chache tu baada ya jimbo kukomesha utumwa.

Kwa upande mwingine mambo yalipinda. Mwaka 1868 alisimamia kesi ya Seneti ya kumwondoa Rais Andrew Johnson, aliyemrithi Lincoln, akasisitiza iendeshwe kama mahakama yenye kanuni za ushahidi, na Republican wenye msimamo mkali wakamwona msaliti. Kura zilikuwa 35 kwa 19, pungufu kwa moja. Ingetimia, urais ungekwenda kwa Benjamin Wade, yule yule wa Utatu. Miezi miwili baadaye Chase, akiwa bado Jaji Mkuu, aliruhusu jina lake lisukumwe kwenye mkutano mkuu wa Democratic mjini New York. Kate, ambaye kama mwanamke hakuweza kuwa mjumbe, aliongoza kampeni kutoka hotelini. Mjumbe wa California alimpa baba yake nusu kura tu, ukumbi ukalipuka kwa shangwe, na katika duru ya 22 wajumbe wa Ohio, kwa mara nyingine, walisimama kumpendekeza mtu mwingine. Ni kweli kwamba Chase alijaribu kukiuza kwa chama hicho wazo la kura kwa watu weusi. Ni kweli pia kwamba Jaji Mkuu anayetafuta kura huku ana kesi za kisiasa mezani hawezi kulalamika watu wakizisoma hukumu zake kwa jicho la pembeni.

Mfano mchungu zaidi ni wa ibara ya tatu ya Marekebisho ya Kumi na Nne, inayowanyima vyeo wale walioapa kuitii Katiba kisha wakashiriki uasi. Katika kesi ya uhaini ya Jefferson Davis, rais wa Kusini iliyoasi, Chase aliegemea hoja kwamba ibara hiyo imekwisha kumwadhibu Davis yenyewe, kwa hiyo asishtakiwe tena. Mwaka 1869, mtu mweusi aliyeitwa Caesar Griffin alipodai kwamba hakimu wa Virginia aliyemfunga hakustahili cheo kwa kuwa aliwatumikia waasi, Chase aliamua kwamba ibara hiyo haifanyi kazi mpaka Bunge litunge sheria ya kuitekeleza. Hukumu hizo mbili haziketi kitanda kimoja, na mimi sijaona maelezo yanayozipatanisha vizuri. Ile ya Griffin ilinukuliwa na Mahakama ya Juu mwezi Machi 2024, ilipokataa uamuzi wa Colorado wa kumwondoa Donald Trump kwenye karatasi za kura.

Deni la Bibi Hepburn

Turudi sasa kwenye noti. Bibi Hepburn wa Kentucky aliandika hati mwezi Juni 1860 akiahidi kumlipa Henry Griswold dola 11,250 tarehe 20 Februari 1862. Siku ya kulipa ilifika na kupita. Siku tano baadaye sheria ya noti ikapita. Aliposhtakiwa mwaka 1864 alipeleka mahakamani dola 12,720 za karatasi, deni na riba na gharama, na Griswold akakataa kuzipokea: alikuwa amekopesha dhahabu.

Hukumu ya Chase ilitenganisha mambo mawili ambayo mwaka 1862 yalichanganywa. Serikali kuchapa noti ni jambo moja, na noti hizo zingezunguka hata bila kulazimishwa kwa kuwa zilipokelewa kwa kodi. Kumlazimisha mdai wa zamani azipokee ni jambo jingine, ambalo Katiba haikuliruhusu kwa neno lolote na ambalo halikuhitajika ili kushinda vita. Kisha akaongeza kwamba kumpunguzia mtu haki yake iliyokwisha thibitika ni kumnyang'anya mali bila utaratibu wa haki wa sheria, kinyume cha Marekebisho ya Tano. Ni ibara ile ile ya kesi ya Van Zandt. Mwaka 1847 aliishika kama ngao ya watu tisa waliokuwa ndani ya gari la mkulima. Mwaka 1870 aliishika kama ngao ya mwenye kudai dola elfu kumi na moja. Mamlaka ambayo haikuandikwa haipo, iwe ni ya kuwinda watoro au ya kugeuza karatasi kuwa dhahabu. Kuhusu yeye mwenyewe hakusema "mimi nilikosea". Aliandika kwamba wakati wa misukosuko ya vita haukuwafaa watu kutafakari mipaka ya Katiba, na kwamba wengi walioikubali hatua ile wameifikiria upya baada ya amani kurudi. Kila msomaji alijua mmoja wa hao wengi ni nani.

Uamuzi ulipita kwa kura nne dhidi ya tatu. Siku hiyo hiyo Rais Ulysses Grant alipeleka Seneti majina ya majaji wawili wapya, William Strong na Joseph Bradley, kujaza viti vilivyokuwa wazi. Mwezi Mei 1871 mahakama yenye majaji tisa iliifuta hukumu ya Chase kwa kura tano dhidi ya nne, hao wawili wakiwa upande wa washindi na Chase akipinga. Mwaka 1884 mahakama ikakwenda mbali zaidi na kukubali noti za namna hiyo hata wakati wa amani. Fedha ya karatasi ya Marekani inasimama juu ya hukumu zilizomshinda mtu aliyeianzisha.

Kiharusi kilimpata mwezi Agosti 1870, na ingawa alirudi kazini sauti na mkono havikuwa vile vya zamani. Tarehe 15 Aprili 1873 mahakama iliamua kesi ya Myra Bradwell, mhariri wa gazeti la sheria mjini Chicago, ambaye jimbo la Illinois lilikataa kumpa leseni ya uwakili kwa sababu ni mwanamke aliyeolewa. Majaji wanane waliliunga mkono jimbo, na Bradley akaandika kwamba Muumba amempangia mwanamke kazi ya kuwa mke na mama. Kumbukumbu za mahakama zina mstari mmoja tu juu ya wa tisa: Jaji Mkuu anapingana na hukumu ya mahakama, na maoni yote. Sababu hakuziandika, na tarehe 7 Mei alifariki dunia New York.